Sukari ya asubuhi 7.4, kipimo cha miezi mitatu 5.6. Nishike lipi?

Muuza Viazi wa Uyole

Habari za usiku wadau. Naombeni mnisaidie wenye uelewa wa mambo ya maabara, maana elimu yangu mimi ni darasa la saba na viazi mviringo.

Nina miaka 47. Nanunua viazi Umalila na hapa Uyole, Mbeya, napakia lori kwenda Dar. Si mnene. Suruali yangu ni namba 34 tangu nioe, ila siku hizi mkanda naufungia chini ya tumbo. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo, mimi nilidhani suruali za siku hizi zinashonwa vibaya. Baba yangu alikatwa mguu kwa sukari, mwaka uliofuata tukamzika. Kwa hiyo mtu akinitajia sukari silali.

Mwezi huu wa tano binti yangu anayesoma uuguzi alikuja likizo na kile kimashine cha kuchoma kidole. Asubuhi kabla ya chai tukapimana nyumba nzima kama mchezo. Mke wangu 4.9. Mama yangu, ana miaka 74, 5.1, akacheka akaomba uji wake. Mimi 7.4. Binti akasema nikanawe kwa sabuni, huenda nilishika ndizi mbivu. Nikanawa, akachoma kidole kingine: 7.3. Kesho yake tukarudia kabla sijatia kitu mdomoni: 7.4. Mchezo ukaishia hapo.

Nikaenda kituo kimoja cha afya hapa mjini, sitakitaja, sijaja kuharibu jina la mtu. Daktari kijana akaniandikia kipimo cha HbA1c, kile wanachoita cha miezi mitatu. Majibu: 5.6. Akaniambia, "Mzee uko salama, urudi mwakani." Nikamweleza zile 7.4 za nyumbani, akasema vimashine vya nyumbani havina uhakika. Hakuninyanyulia macho. Nikalipa nikatoka.

Sasa hapo Mwanjelwa kuna kijana na dada wamefungua meza. Wana kifimbo cha chuma kimeungwa waya kwenye kompyuta. Unakishika kiganjani kama dakika moja, skrini inachora rangi, halafu wanakutolea karatasi nne. Yangu ilisema hivi, naandika kama ilivyo: protini ya kongosho iko chini, ukinzani wa insulini mkali, CRP juu, adiponektini chini. Dada akanieleza kwamba siku hizi wataalamu hawahangaiki na sukari tena, wanaangalia protini za damu, kwa sababu protini zinakuambia kisukari kinakuja miaka kumi kabla. Dozi ya kurekebisha protini ni shilingi 285,000 kwa miezi mitatu. Nikasema nitarudi. Kilichonivuta ni kwamba alikubaliana na kimashine cha binti yangu, siyo na daktari.

Kwa hiyo nina majibu matatu mfukoni na hayasalimiani. Nishike lipi? Na hizo protini, zipo kweli au ni maneno ya sokoni? Kama zipo, kwa nini daktari hakuniandikia?

Dereva wa Tunduma

Mkuu achana na hospitali. Majani ya mlonge na mdalasini, glasi moja asubuhi na moja jioni, wiki tatu tu. Shemeji yangu yuko Vwawa, alikuwa na sukari ya kutisha, amepona kabisa.

Fundi Hadubini

Kamwene kutoka Iringa. Niko maabara mwaka wa kumi na tatu huu, kwa hiyo nijibu upande wangu, upande wa dawa muachie daktari.

Kaka, kabla ya yote nijibu haya. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi sasa uliongezewa damu? Uliugua malaria ya kulazwa, au ulitoka damu nyingi kwa ajali? Na kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu? Usiyapuuze, jibu lako nadhani limejificha humo.

Nikwambie kwa nini nauliza. HbA1c nayo ni kipimo cha protini, ingawa watu wanakiita cha sukari. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa, inakaa ndani ya chembe nyekundu, na chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi. Muda wote huo inaogelea kwenye damu, na sukari ya damu inaigandia himoglobini kidogo kidogo, haibanduki. Sisi tunapima ni asilimia ngapi ya himoglobini imegandwa. Sukari ikikaa juu miezi kadhaa, asilimia inapanda. Ikifika 6.5 au zaidi tunaita kisukari, na Shirika la Afya Duniani lilikikubali kipimo hiki kwa kutambua ugonjwa mwaka 2011.

Lakini kipimo chote kimesimama juu ya jambo moja: chembe zako ziwe na umri wa kawaida. Kama chembe zako nyingi ni changa, hazijakaa kwenye sukari muda wa kutosha kugandwa, na namba inatoka ndogo hata kama sukari iko juu. Anayeongezewa damu amepewa chembe za mtu mwingine zilizoogelea kwenye sukari ya mtu mwingine. Aliyetoka kwenye malaria iliyopasua chembe zake, mwili umemtengenezea mpya. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisipasuke, ambao huku Afrika si wachache, chembe zao hazidumu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba kwa Wamarekani weusi wenye kasoro hiyo ya G6PD, HbA1c inasoma chini kuliko sukari yao halisi, kiasi kwamba baadhi yao wana kisukari na karatasi inawasafisha. Wanaobeba selimundu bila kuugua nao imeonekana namba yao inashuka kidogo. Upande wa pili, mwenye upungufu wa madini ya chuma inaweza kupanda bila sababu ya sukari.

Kwa hiyo daktari wako kusema vimashine havina uhakika hajakosea. Kimashine cha kidole ni cha kufuatilia, hakitumiki kutamka kwamba mtu anaumwa. Ila 7.4 mara tatu kwa mikono iliyonawa inatosha kumfanya mtu aulize swali la pili. Mpaka wa sukari ya kufunga, yaani kabla hujala kitu, ni 7.0, damu ikitolewa mshipani na kupimwa maabara.

Kuhusu kile kifimbo. Kaka, protini ya kwenye damu inapimwa kwenye damu. Mimi nikipima CRP natoa damu mshipani, naizungusha kwenye mashine mpaka chembe zishuke chini na maji ya manjano yabaki juu, nachukua tone la maji hayo naliweka kwenye kitendanishi chenye kingamwili zinazoishika CRP peke yake. Zikishikana, maji yanaingia ukungu, na mashine inasoma ukungu umekuwa mzito kiasi gani. Sasa kifimbo cha chuma kiganjani kimeshika nini? Kimeshika jasho lako. Walichosema kuhusu ukinzani wa insulini huenda ni kweli, lakini hawakukijua, wamekitazama kitambi chako.

Dereva, shemeji yako amepimwa baada ya kupona?

Mama Mbalaga

Mwanangu muuza viazi, pole. Mimi niko Tukuyu, mwalimu mstaafu, nina sukari mwaka wa tisa. Sijui maabara, ila nakueleza nilivyoishi.

Mimi nilichelewa kwa sababu nilijiona mzima. Watu wa huku tunalima, tunapanda milima, tunajua sukari ni ya watu wa mjini wanaokaa ofisini. Nilipokuwa na mimba ya mwisho waliniambia sukari imepanda kidogo, nikajifungua mtoto mkubwa, ikashuka, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba mwenye kupandwa na sukari mimbani anapaswa kuendelea kupima maisha yake yote. Miaka kumi na tisa baadaye nikawa naamka usiku mara nne kwenda chooni, na baridi ya Tukuyu mnaijua ninyi. Nikadhani ni kibofu cha uzee.

Kliniki yule nesi alinifundisha kwa kikombe. Kikombe cha chai, hiki cha bati. Ugali wangu ni kikombe kimoja na nusu uliokwisha kuiva, siyo mlima. Mbalaga ninakula, msinitishe na ndizi, ila vidole viwili na maharage mengi na mboga, siyo sufuria. Parachichi nakula nusu. Wali wa Kyela ndio mtihani, ule ukinukia mimi nahesabu vijiko kwa sauti.

Usiogope dawa kama umeandikiwa. Na miguu uitazame kila usiku, hata kati ya vidole, kwa kuwa baba yako unajua ilianzia wapi. Hiyo karatasi ya Mwanjelwa washia jiko.

Dereva wa Tunduma

Fundi, hajapimwa. Anasema anajisikia vizuri.

Muuza Viazi wa Uyole

Shikamoo mama, ndaga fijo. Fundi, umenishtua mpaka mke wangu ameuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu mwishoni nilikwenda msibani Ipinda, kule Kyela. Mvua zilikuwa kubwa, tulilala nje kwenye turubai siku nne. Mimi mtu wa baridi, malaria sina mazoea nayo, na chandarua msibani nani anabeba. Siku ya tisa nikiwa nimesharudi nyumbani nikaanguka ghalani. Nililazwa, macho ya njano, mkojo kama kokakola. Wakasema damu imeshuka hadi 5. Nikaongezewa chupa mbili. Naikumbuka ya pili zaidi, kwa sababu mdogo wangu ndiye aliyekwenda kuitolea na tangu hapo kila tukigombana ananikumbusha.

Kutoka siku ile hadi siku ya kipimo cha HbA1c ni wiki nane. Daktari hakuniuliza. Na mimi sikusema, maana nilikwenda kwa habari ya sukari, malaria ilikwisha, ningeitaja ya nini?

Sasa nimeelewa kwa lugha yangu. Mnunuzi mzoefu akiingia ghalani hakuulizi viazi vina siku ngapi, anatazama macho ya kiazi. Kama yameanza kuchipua anajua mzigo umekaa. Mimi nikitaka kumdanganya, natoa nusu ya gunia, najaza viazi vilivyochimbwa jana. Atahesabu machipukizi, ataona machache, atasema mzigo mpya huu. Kumbe ghala ni lile lile na joto ni lile lile. Nadhani hicho ndicho damu ya mdogo wangu ilichomfanyia daktari.

Ila Fundi bado hujanijibu lile la protini za miaka kumi kabla. Yule dada alizitoa wapi?

Fundi Hadubini

Hilo la macho ya kiazi nitaliiba nikafundishie wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Yule dada hakuzitunga. Majina ni ya kweli, mashine ndiyo ya uongo. Ngoja nikupitishe.

Insulini yenyewe ni protini ndogo inayotoka kwenye kongosho. Chukulia yule jamaa anayeita makuli lori likifika. Sukari ndiyo magunia, makuli ni misuli na ini. Makuli wakishakuwa sugu kwa sauti yake, anaita mara moja hawasogei, anaita mara tatu anasogea mmoja. Huo ndio ukinzani wa insulini. Kwa miaka kadhaa magunia bado yanashuka kwa wakati na wewe mwenye mzigo huoni kasoro, kumbe jamaa koo limekauka. Sukari inakuja kupanda siku anapochoka kupiga kelele. Kwa hiyo ndiyo, kuna muda mrefu ambapo insulini iko juu na sukari iko sawa, na mwenye kupima sukari peke yake hauoni muda huo.

Mwaka 1985 watu wa Oxford walitoa hesabu rahisi: insulini ya kufunga mara sukari ya kufunga, gawanya kwa 22.5. Mwenye insulini 6 na sukari 5.0 anapata 1.3. Mwenye insulini 18 na sukari 7.4 kama yako anapata 5.9. Ubaya wake ni kwamba vitendanishi vya insulini havijalinganishwa baina ya maabara na maabara, kwa hiyo hakuna mpaka mmoja wa dunia nzima. Ndiyo maana inasaidia sana kwenye utafiti wa watu elfu, na inasaidia kidogo kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari.

Kuna ndugu yake, C-peptidi. Kongosho hutengeneza kitu kirefu, kikikatwa inatoka insulini na kipande cha C-peptidi, kimoja kwa kimoja. Ni kama stakabadhi ya ushuru: unachukua karatasi, kishina kinabaki kitabuni. Insulini inaondoka kwenye damu ndani ya dakika chache, kishina kinakaa zaidi, kwa hiyo ukihesabu vishina unajua kongosho limetoa kiasi gani. Hata kwa anayejidunga insulini inafaa, maana ya chupa haina kishina.

CRP uliyosomewa kuwa juu inatengenezwa na ini kukiwa na moto popote mwilini. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Mafuta ya ndani ya tumbo nayo huwa na moto mdogo usiozimika, na wenye CRP ya juu kidogo kwa muda mrefu wameonekana kupata kisukari zaidi. Lakini jino bovu linaipandisha. Malaria inaipandisha mara nyingi zaidi. Huku kwetu ukimpima mtu CRP ukaitafsiri kuwa ni kisukari, umemuonea. Hata walipochunguza kwa njia ya vinasaba, haikuonekana kwamba CRP yenyewe ndiyo inaleta ugonjwa. Feritini nayo, ile ghala ya madini ya chuma, iko vivyo hivyo: inapanda kwa wenye hatari ya kisukari, na inapanda kwa homa yoyote.

Adiponektini ndiyo inayonifurahisha. Inatengenezwa na chembe za mafuta, halafu wenye mafuta mengi wanayo kidogo. Inawasaidia makuli kusikia. Mwaka 2009 walikusanya tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka, wakaona wenye adiponektini nyingi walipata kisukari kwa uchache. Kuna fetuini-A ya ini, yenyewe inaziba masikio ya makuli. Kuna SHBG, inayobeba homoni za uzazi, ikiwa chini hatari iko juu.

Siku hizi hawapimi moja moja tena. Uingereza waliandikisha watu nusu milioni wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, wakahifadhi damu zao, na mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya kupima karibu protini 3,000 kwa watu zaidi ya 50,000 kati ya hao. Unachukua damu ya leo, unaangalia nani aliugua baadaye, unatafuta protini zilizokuwa zimeshatofautiana. Kazi nzuri sana. Lakini wengi mno waliopimwa ni Wazungu, ambao hawakulala msibani Ipinda. Umeona mwenyewe protini moja tu, himoglobini, na tunayoijua kwa miaka mingi, ilivyotuyumbisha kwa sababu ya malaria na damu ya mdogo wako. Sasa niambie hizo 3,000.

Ndiyo maana daktari hakukuandikia. Hospitali za kwetu hazitumii adiponektini kutambua kisukari, na si za kwetu tu. Kwa mtu kama wewe kinachoamua bado ni sukari. Nenda umwambie daktari maneno haya: niliongezewa damu chupa mbili wiki nane kabla ya HbA1c. Omba sukari ya kufunga ya mshipani, na kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 kisha kupimwa baada ya saa mbili. Pale mpaka ni 11.1. Kipo pia fruktosamini, kinachoangalia sukari iliyogandia albumini na protini nyingine za maji ya damu. Hizo hazijali umri wa chembe nyekundu, zinaeleza wiki mbili tatu za nyuma. Ila uliza kwanza kama wanacho, wengi hawana.

Mama Mbalaga

Fundi, mimi mwezi wa pili nilipungukiwa damu wakanipa vidonge vya madini ya chuma, na HbA1c yangu ilikuwa imepanda wakanigombeza kwamba nakula hovyo. Ina maana walinionea?

Fundi Hadubini

Shikamoo mama. Inawezekana, si lazima. Ukimaliza vidonge, damu ikishakaa sawa, upimwe tena. Na kimashine chako cha nyumbani kilisemaje siku zile?

Mama Mbalaga

Marahaba. Kilisema 6 na kitu, siku zote 6 na kitu. Niliwaonyesha daftari, wakasema daftari siyo maabara. Nitarudi nalo.

Muuza Viazi wa Uyole

Wadau nimerudi. Wiki tatu zimepita, baridi ya mwezi wa sita imeingia, vidole vinaandika kwa shida.

Nilikwenda hospitali nyingine. Daktari mama mmoja mtu mzima. Nilimwambia maneno ya Fundi kama nilivyoyakariri, hata salamu sikuimaliza vizuri. Akaweka kalamu chini. Akachukua ile karatasi ya 5.6, akaandika pembeni kwa wino mwekundu "ameongezewa damu", akasema hii tuiweke kando. Kisha akanifunua kope, akaniuliza meno. Jino la nyuma kulia lina shimo tangu mwaka juzi, linanisumbua nikinywa cha baridi. Akasema nalo litoke.

Kipimo cha glukosi nilikifanya Alhamisi. Sikula tangu saa mbili usiku. Asubuhi wakatoa damu mshipani: 7.3. Wakanipa kikombe cha maji yenye glukosi, utamu wa kukunja uso, dakika tano kiishe. Halafu kaa hapo, usitembee, usivute sigara, usile. Saa mbili kwenye benchi la mbao karibu na dirisha lisilofunga. Nilikaa na mzee mmoja wa Mbalizi aliyekuwa amekuja kwa kipimo hicho hicho, tukazungumza bei ya mahindi mpaka ikaisha tukaanza upya. Damu ya pili: 12.6.

Kwa hiyo ninacho. Nimeandika hivyo tu kwa sababu siku mbili za kwanza nilikuwa nalisema kwa kuzunguka, "nina kasukari kidogo", mpaka binti yangu akaniambia baba hakuna kasukari.

Nimeanzishiwa metformin miligramu 500, nusu saa baada ya kula siinywi, nainywa katikati ya chakula, la sivyo tumbo linanguruma lori zima linasikia. Figo wamepima ziko sawa. Macho nimepangiwa. Kipimo cha insulini nilikiulizia kwa sababu ya ile hesabu ya 22.5, daktari akatabasamu, akasema hesabu anaijua, lakini hata jibu likitoka 2 au 8 atakachoniandikia ni kile kile: metformin, tumbo lipungue, miguu itembee. Fedha hiyo akaniambia ninunue vijiti vya kupimia. Nikaona ni mfanyabiashara mwenzangu.

HbA1c nitarudia mwezi wa kumi. Ameihesabu kutoka siku ya kuongezewa damu, akasema hapo chembe zote ndani zitakuwa zangu na zitakuwa zimekaa na sukari yangu, siyo ya mdogo wangu. Mdogo wangu nimemlazimisha apime. 5.2. Ameongeza hilo kwenye orodha ya vitu anavyonikumbusha.

Asubuhi sasa sipandi bodaboda kwenda ghalani, natembea, dakika thelathini na tano, na kurudi ni kilima. Mkanda umesogea tundu moja. Nilipita Mwanjelwa juzi, wale vijana na kifimbo chao hawapo, pale kuna mama anauza soksi. Nilinunua mbili.

Dereva, mlete shemeji ukipita. Kimashine kipo, na vijiti vimebaki kumi na moja.